Mama Mmoja wa Kimuli

Kazi yangu ni kufundisha mashine imjue anayeuliza. Nimeisomea miaka mingi, nimeililia, nimeiandikia makala ambazo zimesomwa na watu wachache, wengi wao wakiwa wale niliowabembeleza wasome. Na kwa kazi hiyohiyo nusura nimpofushe mama yangu mzazi. Nalisema mapema, ili huko mbele nikianza kujisifu mjue mnasoma habari za mtu gani.

Nieleze kwanza hiyo kazi yenyewe, maana hata ndugu zangu wa kijijini kwetu Ihembe, Karagwe, wanadhani natengeneza simu zilizoingia maji. Chukua neno "mvua". Ukiliuliza kwenye simu ukiwa Dar es Salaam, pengine unataka kujua kama barabara ya kwenu imefunikwa na maji. Ukiliuliza ukiwa Ihembe mwezi wa tisa, unataka kujua kama upande maharage au uvute subira. Neno ni lilelile, haja siyo moja. Mashine ya kawaida haijali, inakumwagia chochote kilichoandikwa mvua. Mashine ninayoitafiti mimi inatazama kwanza: huyu yuko wapi, huu ni msimu gani, sasa ni saa ngapi, jana aliuliza nini. Halafu ndiyo inakwenda kutafuta jibu. Wenzangu duniani wanaifanya kazi hii kwa ajili ya watu wanaotafuta mgahawa ulio karibu. Mimi nikasema thubutu, nitaifanya kwa ajili ya akina mama wa kwetu wenye migomba na kahawa. Niliyasema hayo mbele ya jopo la chuo, nikajipiga kifua, na sauti ikatetemeka kidogo mahali pazuri. Nilijipenda sana siku hiyo.

Kilichonisukuma hasa, nisiwe mnafiki, kilikuwa cheo. Chuoni kwetu ukitaka kupanda, makala hazitoshi. Unaulizwa, "Utafiti wako umemfaa nani?" Mkuu wangu wa idara, mtu mpole wa Tanga mwenye tabia ya kuvua miwani na kuifuta kila mtu anapoanza kupiga chuku, aliniuliza swali hilo, nikatafuta mtu mmoja wa kumtaja, nikamkosa. Alifuta miwani mpaka nikaionea huruma.

Basi tukaitengeneza. Unapiga namba, unauliza kwa mdomo, Kiswahili kilichochanganyika na Kinyambo, lugha yetu ya Karagwe, hakina neno, halafu mashine inakujibu kwa sauti. Sauti niliitoa mimi, kwa sababu wote niliowaomba walikuwa na mafua au visingizio. Nilijifungia chumbani, nimejifunika blanketi gubigubi ili kelele za nje zisiingie, nikawa nasema "Karibu," "Pole sana," "Nenda," "Subiri," na majina ya kata za Karagwe na Kyerwa moja baada ya jingine, mpaka nikawa nayaota. Mashine inaviunga vipande hivyo kuwa sentensi. Kwa hiyo mama wa Ihembe akipiga, anayemjibu ni mimi, tena nikiwa na adabu kuliko nilivyo kweli.

Mwanzoni ilituaibisha. Kule Kyerwa, ukisogea karibu na mpaka, simu hunasa mnara wa nchi jirani na saa inajirudisha nyuma. Mashine ikawa inaiamini simu kuliko binadamu. Mkulima amesimama kwenye kibanja chake mwenyewe cha migomba, yenyewe inamkaribisha ugenini na kumpa habari za kahawa ya ng'ambo. Watu walitukana, na walikuwa na haki. Ndipo likanijia wazo ambalo nililiona kama ufunuo. Nikasema, mtu akitaja mahali kwa mdomo wake mwenyewe, mahali hapo pashinde chochote inachosema simu. Mama yuko Ihembe lakini anauliza habari ya Kimuli? Mpe ya Kimuli. Si kasema mwenyewe? Mheshimu. Nikaandika makala nzima juu ya sheria hiyo moja, ikakubaliwa, nikavimba kichwa nikawa siingii mlangoni.

Tukawagawia namba akina mama wa vikundi vya kanisani, Walutheri na Wakatoliki, kuanzia Ihembe na Nyakasimbi mpaka Kimuli. Wakauliza hasa! Nilipoyapanga maswali yao nikaona jambo la ajabu. Watu wa Ihembe karibu wote walikuwa wanaulizia shida za watu wa Kimuli. Watu wa Kimuli wanaulizia shida za watu wa Ihembe. Wa Nyakasimbi walikuwa wanawahurumia wote. Kuna mzee mmoja Kimuli, migomba yake inanyauka. Kuna mama mmoja Ihembe, mumewe amerudia pombe. Kuna binti mmoja wa huko kwingine, siku zake zimepita na mwenyewe anaogopa. Nikachora ramani yenye mishale, mishale myekundu kwenda, mishale ya bluu kurudi, nikaiita ushahidi wa mshikamano wa vijijini: kwamba watu wetu humfikiria jirani wa mbali kabla ya nafsi zao. Nikapanda ndege na ramani yangu kwenda kwenye mkutano wa wataalamu. Walinipigia makofi. Mama mmoja wa Ulaya alitoa leso akajifuta macho.

Mtu yeyote aliyelelewa Karagwe, akifika hapa, keshanicheka mpaka kavunjika mbavu. Kwetu mtu hasemi tu, "Nina shida." Aibu hiyo ataiweka wapi? Shida unaitundika kwa mtu mwingine, na mtu huyo unamweka mbali kidogo, mahali ambapo anayekusikiliza hatakwenda kuhakikisha. Ukiwa Ihembe, Kimuli panafaa sana, siku hizi ni wilaya nyingine kabisa. Marehemu baba yangu, mbuzi wake wakila maharage ya jirani, alikuwa anakwenda kwa huyo jirani, anapewa kahawa ya kutafuna, anazungumza mvua, anazungumza mahubiri ya Jumapili, kisha anasema, "Waitu, bwana wangu, kuna mtu mmoja huko Kimuli, mbuzi wake wamemtia aibu." Jirani anatafuna, anafikiri, anajibu, "Mwambie huyo mtu asikonde." Imekwisha. Hakuna aliyeuliza mbuzi ni wa nani.

Wala sikuwa mgeni wa desturi hiyo. Nilipokuwa shule ya msingi nilitamani sweta kuliko kitu chochote duniani. Asubuhi za kwetu zina ukungu unaokuingia mpaka kwenye magoti, na mimi nilikuwa nakwenda shule nimejikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Sikumwambia mama nataka sweta. Nilimwambia, "Mama, kuna msichana mmoja darasani kwetu hana sweta." Mama akatafuta nyuzi. Akaanza kufuma, wala hakuniuliza huyo msichana ana umbo gani. Alipomaliza akaniwekea mikononi, akasema, "Mpelekee huyo msichana. Mwambie alivae leo leo, baridi haina subira." Lilinienea vizuri mpaka viganjani. Nililivaa mbele yake na hatukuzungumza tena habari za yule msichana.

Sasa mtoto huyohuyo wa sweta ndiye aliyekwenda ng'ambo na mishale. Shahada tatu, jamani.

Krismasi iliyofuata nilikwenda nyumbani. Mama ni mwanamke wa shughuli, hajui kukaa, na siku ile alikuwa ananikaribisha kama nimetoka vitani. Akamimina chai. Chai ikaenda pembeni ya kikombe, ikajaa kwenye sinia, ikaanza kushuka kwenye mkeka, na yeye bado anamimina huku anatabasamu. Nikamshika mkono. Akacheka, nami nikacheka. Kesho yake tulipokuwa kibanjani alijigonga kwenye mti wa kuegemezea mgomba, begani, upande wa kushoto, kisha akaukaripia ule mti kwa Kinyambo kana kwamba ndio uliomfuata. Nikaona, bila shaka nikaona. Mtaalamu wa kusoma mazingira ya mtu! Nikafikiri, nikapima, nikatoa hitimisho: nyumba ina giza. Nikaenda madukani Omurushaka nikamletea taa ya sola.

Alinishukuru sana kwa ile taa. Jioni tumekaa, taa inawaka kama uwanja wa mpira, akaniambia, "Kuna mama mmoja huko Kimuli, naye hivyohivyo. Anamimina chai nje. Anasema anaona kama anachungulia kwenye bomba. Kati anaona, pembeni hakuna kitu."

"Maskini," nikasema. "Si apige ile namba yetu?"

"Amepiga."

"Ee! Akajibiwaje?" Hapo niliinuka kwenye kiti, maana nilikuwa nimempata mtu wa kumtaja kwa mkuu wa idara.

"Ameambiwa asubiri. Wataalamu wa macho watafika Kimuli mwezi wa tatu."

"Basi asubiri," nikamwambia. "Ile mashine inajua."

Mama akasema, "Sawa." Kisha akaniuliza kama nimeshiba.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Asubiri, mashine inajua. Kwetu Ihembe mtu akiumwa macho hahitaji kusubiri mwezi wa tatu wala wa nne. Upande wetu wa Karagwe kuna hospitali yenye mtaalamu wa macho kila wiki, bodaboda inakufikisha kabla chai haijapoa. Mashine ilikuwa inalijua hilo vizuri, nililiingiza mwenyewe. Lakini mama alisema Kimuli, na sheria yangu ilisema aheshimiwe. Mashine ya kijinga kabisa, isiyo na shahada hata moja nyuma yake, isiyosikiliza kitu, ingemwambia nenda hospitali iliyo karibu, naye angekwenda. Ilihitajika akili nyingi sana kumkosea mama yangu namna ile.

Mwezi wa tatu ukafika. Mkuu wa idara akasema anataka kuja kuona kwa macho yake watu waliofaidika. Nikampangia Kimuli, siku ileile ya kambi ya wale wataalamu wa macho, nikijua watu watajaa. Tulipofika Omurushaka tulisimama kunywa soda, na dereva mmoja wa bodaboda, alipotuona tuna vitambulisho vya chuo shingoni, akatuuliza kama sisi ndio wenye ile simu inayojibu.

"Ndio sisi," nikasema, kifua mbele.

"Mnatupa kazi," akasema. "Akina mama wa Ihembe tunawapeleka Kimuli. Akina mama wa Kimuli tunawaleta huku Karagwe. Wanapishana hapahapa njia panda, hawasalimiani, kila mmoja anatazama pembeni. Sisi hatuulizi."

Mkuu wa idara akavua miwani. "Kwa nini wasibaki makwao?" akauliza, akianza kuifuta.

Nikamweleza habari ya mshikamano. Nikamweleza na mishale. Nilikuwa najisikia nikiongea, na kwa mara ya kwanza sikuyaamini maneno yangu. Sikujua kwa nini. Nikanunua soda nyingine nisiyoitaka.

Kituo cha afya cha Kimuli kilikuwa kimejaa. Benchi limejaa, ukingo wa baraza umejaa, vitenge vya kanisani, viatu vilivyopigwa kiwi vikapata vumbi njiani. Mkuu akachangamka akatoa simu apige picha. Muuguzi wa macho, mwanamke mrefu mwenye koti jeupe, akatoka mlangoni na kuita, "Mgonjwa wa kwanza aingie!"

Hakuinuka mtu.

"Wagonjwa wako wapi?"

"Mimi nimemsindikiza mtu," akasema mama wa kwanza.

"Mimi pia nimesindikiza."

"Mwenzangu yuko njiani anakuja."

Muuguzi akawatazama wote, benchi zima. "Mawe!" akamaka kwa Kinyambo, kama anayemwita mama yake. "Kambi ya macho leo nimeletewa wasindikizaji watupu!"

Nami nilikuwa nataka kucheka. Mdomo nilishaufungua. Ndipo nikamwona mama yangu, mwisho wa benchi, amevaa kitenge cha Pasaka, mkoba mapajani, ameketi wima kama amekuja kupiga picha ya ukumbusho. Alikuwa anatazama upande wangu lakini hakuwa ananiona.

Kicheko kilinikauka. Nilisimama pale nikaona yote kwa mpigo mmoja, chai kwenye sinia, ule mti wa kuegemezea, taa yangu ya sola, na mishale, Mungu wangu, ile mishale. Mzee wa Kimuli mwenye migomba inayonyauka hakuwapo. Mama wa Ihembe mwenye mume wa pombe hakuwapo. Kila mshale niliouchora ulikuwa unamrudia aliyeurusha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na vitambulisho vyangu.

Nikamkaribia. Ilibidi nizunguke mpaka mbele yake kabisa ndipo akashtuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Umefuata nini huku?"

"Kazi. Na wewe?"

"Nimemsindikiza yule mama. Yule niliyekwambia."

"Yuko wapi?"

"Hajafika," akasema, akaupanga mkoba vizuri mapajani. "Si wewe uliyemwambia aje Kimuli? Sauti ilikuwa yako. Akasema, huyu ni mtoto wa watu, hawezi kunidanganya."

Niliogopa. Nilikuwa na hasira pia, kwanza na nafsi yangu, halafu, nisidanganye, na yeye. Ningeweza kumwambia mbele ya watu wote, "Mama, acha hayo, ni wewe." Angeinuka, angeaga kwa adabu, angepanda bodaboda na kurudi Ihembe, na macho yale yasingepimwa kamwe. Namjua. Nami nimetoka tumboni mwake, ningefanya hivyohivyo.

Nikamgeukia muuguzi. "Mimi nitaanza," nikasema kwa sauti ya kusikika baraza zima. "Macho yananisumbua kwa sababu ya kompyuta. Ila naomba mtu wa kunisindikiza ndani, naogopa."

Mama alikuwa keshasimama. "Nitamsindikiza mimi," akasema. "Huyu tangu mdogo ni mwoga."

Ndani kulikuwa na kiti, taa ndogo na chupa za dawa. Muuguzi akanitia matone, akanigusisha kidude kwenye jicho, akasema, "Ngoja nirudie." Akarudia. Akaandika kitu. Mimi sikujali hata kidogo, nilikuwa nasubiri zamu ya mtu mwingine. Mama naye alikuwa anasikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha. Nilipoinuka kwenye kiti akakohoa.

"Nipime na mimi basi," akamwambia muuguzi. "Yule mama wa Kimuli amechelewa. Nikimkuta nimweleze inavyokuwa, asiogope."

"Vizuri sana, mama," akasema muuguzi. "Umweleze."

Akampima. Akamfunika jicho moja, akachezesha vidole pembeni, huku na huku, akamwuliza, "Unaviona?" Mama akajibu, "Vipi?" Vidole vilikuwa vinacheza karibu kabisa na sikio lake la kushoto. Niliviona mimi niliyekaa ukutani, na macho yangu yamejaa dawa.

Jibu lilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda, na muuguzi hakuzunguka, alisema lililokwenda halirudi. La kulia lilikuwa limeanza kuliwa pembeni, lakini likitiwa dawa kila siku, maisha yote, linaweza kubaki. "Huyo mama wa Kimuli," akasema, "angekuja mapema tungeokoa zaidi. Hii haiumi, ndiyo ubaya wake. Inaiba kimyakimya." Mama akatikisa kichwa kwa heshima, kama anayepokea salamu za kupeleka. Mimi nilitazama ukuta. Ulikuwa na picha ya jicho lililopasuliwa nusu, nikaikariri yote.

Kisha muuguzi akanigeukia. Akasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu ya ukoo, na ndiyo maana alirudia kunipima. Yangu pia ilikuwa imepanda. Macho bado mazima, lakini nianze dawa.

Tulipotoka, baraza lilikuwa limebadilika. Akina mama walikuwa wametuona tukiingia wawili tukatoka wawili, na wakawa wameelewa namna ya kufanya. Wakaanza kuingia wawiliwawili, kila mmoja akimsindikiza mwenzake. Mkuu wa idara alikuwa anapiga picha kwa furaha. "Hongera sana," akaniambia. "Utafiti umejaza benchi!"

Nikamwambia ukweli palepale, wote, na mama yangu amesimama hatua chache pembeni anafunga mkoba. Nikamwambia benchi limejazwa na makosa yangu. Safari hii hakugusa miwani. Akaniambia, "Basi andika hilo." Nikaandika. Sasa mashine ikisikia "kuna mtu mmoja" inatoa majibu mawili, la huko kulikotajwa, halafu inasema kwa sauti yangu, taratibu, "Na kama kuna mwingine hapo ulipo, naye mwambie hivi." Cheo nilikipata baadaye kwa makala inayoeleza kwa nini makala yangu ya kwanza ilikuwa upuuzi. Wasomi ni watu wa ajabu, unapanda kwa kukosea na unapanda tena kwa kukiri. Mama hakupata cheo chochote, wala jicho.

Lakini siku ile hayo yote yalikuwa bado. Siku ile tulikaa kwenye ukingo wa baraza tukisubiri dawa zetu, mimi na yeye, macho yanatiririka matone kama tunaomboleza. Mtu alikuwa anachoma ndizi hapo nje, nikanunua mbili. Tukaanza kula. Ndizi yangu ikanidondoka, nikaiokota nikaipangusa nikaila hivyohivyo.

"Mama," nikasema. "Kuna mtu mmoja."

Akaacha kutafuna. "Wa wapi?"

"Wa hukuhuku Kimuli."

"Ana nini?"

"Amepimwa leo. Macho yake yana presha. Bado anaona vizuri, lakini ameambiwa aanze dawa. Tena alimchelewesha mtu wake wa karibu, sasa hajui atamwombaje msamaha. Anaogopa, mama."

Mama akageuka kunitazama. Ilibidi ageuze kichwa chote, mpaka bega, kwa sababu nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Akanitafuta kidogo kabla hajanipata.

"Mwambie huyo msichana aanze leo leo," akasema. "Na huyo mtu wake wa karibu hana kinyongo. Mwambie hivyo."

Niliitikia kwa kichwa, kisha nikakumbuka hakuona. Nikainuka, nikamzunguka, nikakaa upande wake wa kulia.